Nguo za bei chee mtandaoni: gharama imekwenda wapi?

Gauni linauzwa mtandaoni kwa bei isiyotosha hata kununua kitambaa chake kwa rejareja. Halafu linavuka bahari na kufikishwa mlangoni. Anayeiona bei hiyo kwa mara ya kwanza huhitimisha moja kati ya mambo mawili: ama maduka mengine yamekuwa yakimpunja miaka yote, ama kuna mtu mahali fulani anayefanyishwa kazi kwa malipo ya kijungujiko. Yote mawili yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana ubishi huu hauishi. Bei hiyo imepatikana kwa kuondoa gharama nyingi, moja baada ya nyingine. Baadhi zimeondolewa kwa akili na hazimuumizi yeyote. Nyingine hazikuondoka, bali zimehamishiwa kwa mshonaji, kwa mto unaochafuliwa, kwa forodha, au kwa mnunuzi mwenyewe, ambaye atakutana nazo akishaifua nguo mara ya tatu. Swali la kama ni haki kununua haliwezi kujibiwa kabla ya kuzitenganisha.

Kilichookolewa bila kumwibia mtu

Katika biashara ya nguo ya mtindo wa zamani, kampuni huagiza mzigo miezi sita au zaidi kabla ya msimu. Huagiza maelfu ya vipande vya mtindo mmoja kwa kubahatisha nini kitapendwa. Ikikosea, nguo hubaki ghalani, hushushwa bei, au huteketezwa. Hasara hiyo huwa imekwishaingizwa ndani ya bei ya nguo zinazouzika, kwa hiyo kila anayenunua nguo dukani hulipia pia zile zilizokataliwa. Zara ya Hispania, iliyofungua duka lake la kwanza mwaka 1975, ilijijengea jina kwa kuufupisha muda huo hadi wiki chache na kushona sehemu kubwa ya mitindo yake karibu na makao yake.

Majukwaa ya mtandaoni, Shein ikiwa mstari wa mbele, yamekwenda mbali zaidi. Mtindo mpya huanza na oda ya vipande 100 hadi 200 hivi. Hupigwa picha na kuwekwa kwenye programu, kisha kompyuta huhesabu wangapi wamebofya, wangapi wameuweka kikapuni na wangapi wamelipa. Ukikubalika, karakana hupewa oda nyingine ndani ya siku chache. Usipokubalika unaachwa, na hasara ni ya vipande mia. Nyingi ya karakana hizo ziko wilaya ya Panyu, mjini Guangzhou, kusini mwa China, ambako wauza vitambaa, watengeneza zipu, wapiga chapa na washonaji wako karibu karibu. Hakuna kodi ya duka, hakuna madalali watatu wa katikati.

Hapa tuwe wakweli: huo ni ubunifu wa kusifiwa. Nguo ambayo haikushonwa haijatumia maji wala mafuta. Lakini jukwaa linaloweza kujaribu mtindo kwa vipande 100 hujaribu maelfu ya mitindo kwa siku, na kila mtindo unahitaji mtu wa kuununua. Kilichookolewa kwa kila mtindo humezwa na wingi wa mitindo.

Dakika za cherehani

Kiwandani kila nguo huhesabiwa kwa dakika. Fulana ya kawaida ya mikono mifupi huchukua takriban dakika 5 hadi 10 za kushona. Suruali ya jinzi yenye mifuko mitano huweza kuchukua dakika 20, na gauni lenye bitana na zipu ya kufichwa huchukua zaidi. Hesabu hizi hufanywa kwa mshonaji aliyeuzoea mtindo, na shida inaanzia hapo.

Siku ya kwanza ya mtindo mpya mkono bado mzito. Mshonaji hajajua kola inakaa vipi, kitambaa kinateleza kiasi gani, wapi avute na wapi aachie. Kasi yake huweza kuwa nusu tu ya ile atakayoifikia baada ya siku kadhaa. Oda ya vipande 10,000 humpa muda mrefu wa kuifaidi kasi hiyo. Oda ya vipande 100 ikigawanywa kwa watu kumi huisha kabla hajaizoea, na kesho yake kinaletwa kitu kingine. Akiwa analipwa kwa kipande, kama ilivyo kawaida ya karakana ndogo, muda wa kujifunza ni wake mwenyewe wala hakuna anayeulipia. Kwa hiyo utaratibu uleule unaookoa kitambaa ndio unaomla mshonaji saa zake. Njia pekee aliyonayo ya kufidia ni kukaa muda mrefu zaidi kwenye cherehani.

Mwaka 2021 shirika la Public Eye la Uswisi lilizungumza na wafanyakazi wa karakana za Guangzhou zilizoishonea Shein, likakuta wanafanya kazi takriban saa 75 kwa wiki na kupumzika siku moja kwa mwezi. Sheria ya kazi ya China hairuhusu saa za ziada kuzidi 36 kwa mwezi. Wiki ya saa 40 ikiongezewa kiasi hicho haifiki hata saa 50. Wafanyakazi wale hawakuwa wamefungwa. Wengi wametoka mikoani kutafuta pesa nyingi iwezekanavyo kwa muda mfupi na huzitaka saa hizo. Hilo halihalalishi mfumo ambao mshahara wa kutosha haupatikani ndani ya saa za kisheria.

Watu huuliza kwa nini mshonaji asiongezewe kidogo, maana ujira wa kushona huwa sehemu ndogo mno ya bei ya dukani, aghalabu asilimia 1 hadi 3. Kinachozuia ni jinsi bei inavyojengwa. Kiwanda huweka faida yake kwa asilimia juu ya gharama zote, mwagizaji huweka ya kwake juu ya hiyo, na muuzaji vivyo hivyo. Nyongeza ya 1 kwenye ujira hufika kwa mnunuzi ikiwa 4 au 5, ingawa hakuna kazi nyingine iliyoongezeka katikati. Dawa yake inajulikana: ujira utengwe kwenye mkataba kama kiasi kisichojadiliwa wala kupigiwa asilimia. Kampuni chache hukubali, kwa sababu wakati wa kuvutana na kiwanda ujira ndio unaobanika kirahisi. Bei ya pamba na ya umeme zinajulikana na kila mtu. Saa za mtu haziandikwi kwenye ankara.

Kitambaa, mshono na haraka

Poliesta hutengenezwa kwa mafuta ya petroli, na leo ni zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazozalishwa duniani. Si kitambaa kibaya kwa asili yake. Ni imara, hakikunjamani, hukauka upesi. Ubaya uko kwenye namna kinavyotumiwa: chembamba kupita kiasi, kikichanganywa na nyuzi za mnyumbuko ili saizi moja iwakae watu wengi, na kushonwa kwa haraka.

Uzito wa kitambaa hupimwa kwa gramu kwa mita ya mraba. Fulana ya gramu 120 hadi 140 ni nyepesi, na ikiwa nyeupe huonyesha cha ndani. Ya gramu 160 hadi 180 hustahimili matumizi ya kila siku. Kuanzia 200 ni nzito. Tangazo ambalo halitaji uzito wala mchanganyiko wa nyuzi halikusahau. Mara nyingi hakuna cha kujivunia.

Halafu kuna makosa ya haraka yenyewe. Kitambaa cha kufuma, kama cha fulana, huja kikiwa kimevutwa kwenye jora. Kinatakiwa kufunguliwa na kuachwa kipumzike, kwa kawaida saa 24, ili kirudi kwenye umbo lake kabla ya kukatwa. Karakana iliyopewa siku tano kumaliza kila kitu hukikata palepale. Matokeo yake mnunuzi anayaona nyumbani: fulana inasinyaa baada ya kufuliwa, na mshono wa ubavuni unazunguka hadi kuja tumboni. Hakuna namna ya kuirekebisha.

Mshono nao unasema mengi. Kwenye kitambaa kisichonyumbulika, hatua nne hadi tano za mshono kwa kila sentimita ni kazi nzuri. Zikiwa chini ya tatu, mshono hufunguka kwenye makalio na kwapani. Ovaloki ya nyuzi tatu huziba ukingo tu, wakati ile ya nyuzi nne ina mstari wa ziada unaobeba uzito. Kitambaa kinachobaki ndani ya mshono kikiwa milimita 5 tu, fundi hawezi kulipanua gauni wala kulishona upya likifumuka, kwa sababu hana pa kushika. Kila milimita iliyopunguzwa pale, ikizidishwa kwa maelfu ya nguo, ni jora zima lililookolewa. Gharama ya jora hilo anaibeba mnunuzi, kwa nguo isiyotengenezeka.

Kifurushi kimoja kimoja

Kontena la nguo likiingia Marekani hulipiwa ushuru wa msingi: asilimia 16.5 kwa fulana za pamba na asilimia 32 kwa za nyuzi bandia. Umoja wa Ulaya hutoza asilimia 12 kwa nguo nyingi. Lakini kifurushi kidogo kilichotumwa moja kwa moja kwa mnunuzi kilikuwa na msamaha, uliowekwa ili forodha zisipoteze muda kwa zawadi na vitu vya thamani ndogo. Marekani iliupandisha ukomo wa msamaha huo kutoka dola 200 hadi dola 800 mwaka 2016. Biashara nzima ikajipanga upya kuuzunguka. Katika mwaka wa fedha wa 2024 vifurushi zaidi ya bilioni 1.3 viliingia Marekani kwa njia hiyo. Umoja wa Ulaya, ambao ukomo wake ulikuwa euro 150, ulipokea vifurushi kama hivyo bilioni 4.6 mwaka huohuo, tisa kati ya kila kumi vikitoka China.

Marekani ilifuta msamaha huo kwa bidhaa za China na Hong Kong tarehe 2 Mei 2025, na kwa nchi zote tarehe 29 Agosti mwaka huo. Bei zilipanda. Ilidhihirika kwamba sehemu ya unafuu uliosifiwa kama ubunifu ilikuwa ni ushuru usiolipwa. Na vifurushi hivyo husafiri kwa ndege, ambayo kwa kila tani na kila kilomita huchafua hewa mara nyingi zaidi kuliko meli.

Kwa nini tunavutwa

Ni kosa kuanza na neno uroho. Kuna watu ambao maduka yaliwatupa mkono zamani. Mtu mnene sana, mrefu sana, au anayetafuta gauni refu la heshima lenye mikono mirefu na linalopendeza, hulikuta mtandaoni katika saizi kumi wakati dukani aliambiwa hakuna. Anayeishi mbali na mji hukuta kila kitu. Kijana wa kipato kidogo anayekwenda kwenye usaili wa kazi anahitaji suruali safi wiki hii, si mhadhara. Kumwambia huyo anunue nguo moja ya thamani badala ya kumi duni ni kumwambia awe na pesa.

Ila programu hizi hazikujengwa kwa ajili yake. Zimejengwa kwa ajili ya anayerudi kila usiku kuperuzi. Saa inayohesabu kurudi nyuma, tangazo kwamba zimebaki tatu, gurudumu la bahati, na usafirishaji wa bure ukifikisha kiasi fulani, vyote vina kazi moja: kuondoa muda kati ya kutamani na kulipa. Ile bei ya zamani iliyokatwa kwa mstari huwa mara nyingi haijawahi kuwepo. Mwezi Julai 2025 mamlaka ya Ufaransa ya kulinda walaji iliitoza Shein faini ya euro milioni 40 kwa sababu ya mapunguzo ya udanganyifu, yakiwemo yale ambayo bei ilipandishwa kwanza kisha ikashushwa. Kiwango cha usafirishaji wa bure ndicho kinachonasa wengi: aliyetaka blauzi moja huongeza mbili asizozihitaji ili kuokoa nauli iliyo ndogo kuliko blauzi hizo.

Basi lawama ni ya nani?

Bei kubwa si cheti cha uadilifu. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza lilianguka Savar, nje ya Dhaka nchini Bangladesh, na kuua watu 1,134. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki na maduka ya chini yalifungwa, lakini washonaji waliamriwa kurudi kazini. Miongoni mwa chapa zilizowahi kushonewa ndani ya jengo hilo zilikuwamo za bei ya chini kama Primark na nyingine za bei ya juu zaidi kama Benetton. Kiwanda kimoja huweza kushona kwa ajili ya matajiri asubuhi na maskini jioni, kwa ujira uleule.

Kilichobadilisha viwanda vya Bangladesh baada ya hapo hakikuwa wateja kususa. Kilikuwa ni mkataba unaobana kisheria, uliosainiwa mwaka huohuo kati ya vyama vya wafanyakazi na makampuni, ukiwa na wakaguzi huru, ripoti zilizo wazi kwa umma na wajibu wa kusaidia kugharimia matengenezo. Zaidi ya viwanda 1,600 vilikaguliwa. Sekta ile huajiri mamilioni ya watu, wengi wao wanawake, na kususia kwa jumla huwapokonya kazi kabla ya kumgusa mwenye jukwaa. Ndiyo maana sisi hatushawishiki na wito wa kutonunua kabisa. Tunashawishika zaidi na kuuliza: kampuni hii imechapisha orodha ya viwanda vyake? Imesaini mkataba ambao ikiuvunja inaweza kushtakiwa, au ina kanuni za maadili ilizojiandikia yenyewe?

Kwa mnunuzi mmoja mmoja, uzito uko kwenye idadi kuliko kwenye chapa. Aliyenunua gauni moja la bei chee na kulivaa miaka mitatu amefanya madhara madogo kuliko aliyejaza kabati kwa nguo ghali za kuvaliwa mara mbili. Na anayeagiza vipande ishirini ili apige video ya kuvifungua hawezi kujificha nyuma ya kijana wa usaili.

Ukinunua, nunua hivi

Pima nguo unayoipenda ambayo tayari unayo. Ilaze mezani, pima kifua kutoka kwapa hadi kwapa, kiuno, urefu na bega, kisha linganisha na jedwali la nguo yenyewe, si la mwili. Ruhusu tofauti ya sentimita 1 hadi 3, kwani karakana hazikati sawasawa. Hii ni bora mno kuliko kuagiza saizi tatu na kurudisha mbili. Kukagua, kukunja na kufunga upya nguo iliyorudishwa mara nyingi hugharimu zaidi kuliko nguo yenyewe, hivyo nyingi haziuzwi tena kama mpya, na nyingine huishia jalalani.

Soma maoni ya wateja kuanzia yenye nyota chache, ukitafuta waliozungumzia kufua. Angalia picha zao, si za tangazo. Picha ya tangazo huweza kuwa ya nguo nyingine iliyoigwa. Iweke nguo kikapuni siku tatu. Ofa ikiisha, nyingine itakuja.

Piga hesabu ya bei kwa kila kuvaa. Blauzi ya bei 1 itakayovaliwa mara 5 inagharimu 0.2 kila mara. Ya bei 4 itakayovaliwa mara 60 inagharimu chini ya 0.07. Lakini hesabu hii ina masharti: usiweke mara 60 kwa sababu nguo ni ghali. Weka kwa sababu unajua utaivalia wapi na pamoja na nini.

Maneno kama “rafiki wa mazingira” yasiyo na kipimo yapuuze. Poliesta iliyorejelezwa karibu yote hutokana na chupa za plastiki, si nguo kuukuu, na chupa iliyokuwa ikiweza kugeuzwa chupa tena haina njia ya kurudi ikishakuwa fulana.

Nguo ikifika, ifue kabla ya kuivaa, maana rangi ya ziada na dawa za kuzuia mikunjo hubaki kwenye kitambaa. Chapa (mchoro) ya plastiki inayonuka kwa ukali hata baada ya kufuliwa isiguse ngozi ya mtoto. Tumia maji baridi, mzunguko mfupi na mashine iliyojaa: nguo za nyuzi bandia humwaga vipande vidogo vya plastiki, zaidi katika mafuo ya mwanzo, na msuguano katika mashine nusu tupu huzidisha. Mshono ukianza kuachia, ushone siku hiyohiyo ungali sentimita mbili.

Unapoachana na nguo, usitegemee kwamba itageuzwa nguo nyingine. Chini ya asilimia 1 ya nyuzi za nguo zilizotumika duniani hurudi kuwa nguo mpya, na mchanganyiko wa pamba, poliesta na nyuzi za mnyumbuko ni mgumu kuutenganisha. Zilizotolewa kama msaada husafiri kwa marobota hadi masoko ya mitumba kama Kantamanto mjini Accra, Ghana, ambako muuzaji hulipia robota kabla ya kulifungua. Zisizofaa ni hasara yake, na nyingi huishia kwenye mitaro na ufukweni. Nyingine zimerundikwa kwenye jangwa la Atacama nchini Chile. Toa zile tu ambazo wewe mwenyewe ungezinunua zikiwa zimetumika. Zilizobaki, kata vifungo na zipu uviweke, na za pamba zigeuze matambara; za poliesta hazinyonyi maji, ila hufuta vumbi vizuri.